Watoto Wamerudi Nyumbani: Mwezi wa Kwanza wa Korona Masaki

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 18 Machi 2020, watoto wa Masaki walikwenda shule na wakarudi kabla jua halijapanda, wakiimba njia nzima. Siku moja nyuma Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alikuwa ametangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa muda wa siku 30. Na siku moja kabla ya hapo Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alilitangazia taifa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Arusha. Sisi watu wazima tulizisikiliza habari hizo redioni tukainamisha vichwa. Watoto walisikia neno moja tu: likizo.

Hapana budi tuseme kwanza ni Masaki ipi. Msomaji wa Dar es Salaam akilisikia jina hilo huona majumba ya kando ya bahari, magari ya fahari na mabalozi wa nchi za nje. Masaki yetu ni ya wilaya ya Kisarawe, penye mihogo, mikorosho na mananasi, na udongo ambao masika yakishika huvua kiatu mguuni. Wengi wetu tunaishi kwa jembe, na wengine hutoka alfajiri kwenda Gongo la Mboto na Kariakoo kutafuta riziki, wakarudi usiku. Mabalozi tulio nao ni wa nyumba kumi.

Ni kweli kwamba hapa kwetu hakuna aliyekomewa mlango. Ndugu zetu wa Mombasa walitusimulia kwamba tangu tarehe 27 Machi 2020 hawakuruhusiwa kuwa nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kwamba Isha walikuwa wakiiswali majumbani na wake zao na watoto wao. Umra ilisimamishwa tangu mwishoni mwa Februari, na picha ya Kaaba ikiwa haina watu wa kuizunguka imepita katika kila simu. Mwanetu wa darasa la tatu aliitazama kwa muda mrefu akatuuliza ni nani sasa anayemwitikia Mwenyezi Mungu pale. Serikali yetu iliziacha nyumba za ibada wazi kwa sharti la tahadhari. Lakini nyumba yenye watoto, ambayo shule imefungwa, madrasa imefungwa na mgeni hakaribishwi ndani, nayo ina kufungwa kwake, na ni juu ya kufungwa huko tunakotaka kuzungumza na wazazi wenzetu, maadamu tarehe 14 Aprili tuliambiwa kwamba shule zitaendelea kufungwa na siku ya kufunguliwa haikutajwa.

Wiki ya kwanza nyumbani kwetu ilikuwa ya sherehe, ya pili ikawa ya vita. Wanetu ni watatu: binti wa darasa la saba, mvulana wa darasa la tatu, na kitinda mimba wa miaka minne ambaye hajui shule wala korona. Sufuria ya uji iliyokuwa ikitosha asubuhi na kubaki kiporo sasa ilikuwa ikikauka kabla ya saa tatu. Mafuta ya taa, sabuni, na sukari ambayo nayo ilikuwa imepanda bei, vyote vilikwenda mbio. Ugomvi ulizuka juu ya kikombe, juu ya mkeka, juu ya nani alimtazama nani. Mama wa nyumba hii alikuwa akiamka saa kumi na kulala saa tano, na siku moja tulimkuta amekaa nyuma ya jiko, hapiki wala hafui, amekaa tu. Tulipomuuliza ana nini akasema, "Nimejificha."

Tukiri mbele ya wasomaji kwamba neno hilo lilitufedhehesha. Sisi ni katibu wa msikiti. Mchana tuna duka dogo la madaftari na kalamu jirani na shule, jioni tuna vikao, na kwa miaka mingi tumekuwa tukitoka baada ya Alfajiri na kurudi baada ya Isha tukidhani nyumba inajiendesha yenyewe. Sasa shule imefungwa na daftari halina mnunuzi. Tulikuwa na muda wote wa dunia, nasi tulikuwa tukiutumia barazani na wanaume wenzetu, tukihesabu wagonjwa wa Italia.

Tangu siku hiyo tuligawana. Asubuhi watoto ni wetu hadi Adhuhuri. Tuliwapeleka shambani kupalilia mihogo. Tukagundua kwamba mvulana hajui kushika jembe na kwamba binti anajua kuliko sisi. Vipindi vya masomo vilivyokuwa vikitolewa redioni na kwenye televisheni tulivisikiliza pale umeme na mtandao vilipokubali. Mara nyingi havikukubali. Tulichukua basi madaftari ya dukani, ambayo hayana mteja, tukawaandikia hesabu wenyewe. Mvulana alitusahihisha namna ya kugawanya, kwa sababu tuliyofundishwa sisi, asema, siyo ya siku hizi.

Hayo ni mepesi. Zito lilitufika katika wiki ya tatu.

Mama yetu mzazi anaishi nasi. Amepita miaka 60 na ana kisukari. Mvulana wetu ndiye aliyekuwa akilala chumbani kwake, akimpelekea maji ya kutawadha na kumsomea jina la mpigaji kwenye simu, naye Bibi, kwa utani wa mabibi wote, humwita "mume wangu." Ghafla mvulana alihama. Alilala ukumbini juu ya mkeka. Akitumwa maji, aliyaweka mlangoni akakimbia. Akipewa mkono hakuupokea. Siku tatu zikapita, na mama yetu, ambaye si mtu wa kulalamika, alituita akatuuliza, "Mwanangu, huyu mume wangu kanitaliki, au ni ninyi mliomkataza?"

Hatukumkataza. Tulikuwa tumewaambia watoto wote wanawe mikono, wasimkaribie Bibi wakiwa na mafua, basi. Tulipomketisha mvulana chini ya mkorosho ikachukua muda mrefu hata aseme. Alikuwa amesikia redioni kwamba mtoto anaweza kuubeba ugonjwa huu asiumwe hata kichwa, na mzee akiupata kwake akafa. Kisha akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia kwa mtoto wa miaka tisa: "Baba, Bibi akifa, nitakuwa mimi nimemuua?"

Mtoto huyo alikuwa amelibeba jambo hilo siku tatu peke yake, katika nyumba yenye watu sita. Sisi tuliokuwa tukipaza redio kila saa mbili usiku, tukibishana na kuhema na kupiga makofi ya mshangao, hatukukumbuka hata mara moja kwamba walioko mkekani nao wana masikio.

Tulimjibu kwa kadiri ya elimu yetu. Tulimwambia kwamba mauti yako mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba mtoto hahukumiwi kwa jambo asilolijua wala kulikusudia. Dada yake, aliyekuwa akimenya muhogo karibu nasi, akadakia: ikiwa yote yameandikwa, kwa nini basi tunanawa? Waalimu wetu chuoni walituambia kwamba swali hilo la kadari limewatoa jasho wanazuoni, na sisi tuliulizwa na binti mwenye kisu na muhogo.

Tuliwasimulia habari za Sayyidna Umar (r.a.). Alikuwa njiani kuelekea Sham wakati tauni ile inayojulikana kwa jina la Amwas ilipokuwa imeingia huko. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari. Akawaita Muhajirina akawashauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kiquraishi, hao wakasema kwa kauli moja arudi na watu. Akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Sayyidna Umar akamjibu kwa maana ya kwamba anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari yake nyingine, akampigia mfano wa mchungaji aliye na bonde la pande mbili, moja lenye malisho na moja kavu: popote atakapochunga ni kwa kadari, lakini mwenye akili anajua apeleke ngamia wake wapi. Kisha akatokea Abdulrahman bin Awf (r.a.), ambaye hakuwapo katika mashauri yale, akawaeleza mafundisho aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba asiingie mtu katika nchi yenye tauni, wala asitoke kwa kuikimbia aliyemo ndani yake. Sayyidna Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akarejea Madina.

Hatukuwaficha watoto mwisho wake. Abu Ubayda alibaki na watu wake huko Sham, na tauni ile ilimchukua. Ikamchukua na Muadh bin Jabal (r.a.). Wote wawili ni katika bora wa umma huu, na kufa kwao kwa maradhi hayo hakukuwapunguzia daraja.

Mvulana alisikiliza, akanyamaza, kisha akaondoka. Baadaye tukamwona ana kamba ya mkonge. Alikuwa amesikia kwamba umbali unaotakiwa ni mita moja. Yeye, kwa kuzidisha tahadhari, alipima mbili kwa rula yake ya shule. Akafunga upande mmoja wa kamba kwenye mguu wa kiti cha Bibi, akaenda hadi kamba ilipoishia, akaketi hapo. Tangu siku hiyo kila baada ya Alasiri huketi mwisho wa kamba. Haruhusu mtu kuifupisha, na kitinda mimba akiivuka humkemea kama polisi.

Na mama yetu, ambaye kabla ya hapo maongezi yake na wajukuu yalikuwa ni kuwatuma, ameanza kuwahadithia. Amewahadithia mwaka wa kipindupindu, maradhi yalipoanzia kule delta ya Rufiji mwishoni mwa 1977 yakaenea. Yeye alikuwa mwali aliyetoka ndani siku si nyingi. Anasema watu walikatazwa kula matangani, na ilikuwa aibu kubwa kwa Mzaramo kuzika mtu na kutawanyika bila kula. Wapo waliokula kwa siri, na wapo waliozikwa kwa sababu hiyo. Sisi tumezaliwa na mama huyu na hatukuwahi kuisikia habari hiyo. Alipoelezwa kisa cha Sargh alisema, "Kumbe hata Sayyidna Umar alikuwa na mwiko wa njia." Kuhusu majani ya mpera na mchaichai anayoyachemsha kila usiku ili nyumba nzima ijifukize, hatusemi kwamba ni tiba, lakini watoto wanayapenda na blanketi linanukia vizuri.

Tuje sasa kwenye madrasa. Serikali ilifunga shule na kuacha misikiti. Je, madrasa ni shule, au ni msikiti? Kamati yetu ilikaa juu ya jambo hilo baada ya Isha, mlango ukiwa wazi na kila mjumbe na mswala wake, na kikao kilikuwa kikali. Mzee mmoja, ambaye tunamheshimu mno, alisema kwamba Qur'ani ndiyo kinga, na hajapata kuona watu wanaofunga kinga kwa kuogopa ugonjwa. Wengine walimuunga mkono. Sisi tulitaja kwamba Imam Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye tauni ilimchukulia mabinti zake watatu, aliandika kitabu kizima juu ya tauni, na ndani yake akaeleza jinsi watu walivyokusanyika kwa wingi kuomba dua, na baada ya mkusanyiko ule maradhi yakazidi. Mzee akajibu kwamba Ibn Hajar hakuwa mjumbe wa kamati. Tulicheka sote, naye akacheka, lakini hakubadili msimamo.

Aliyemaliza maneno ni mwalimu wa madrasa mwenyewe, na ndiye aliyekuwa na la kupoteza, kwa sababu ada ndogo ya watoto ya kila Alhamisi ndiyo mshahara wake. Alisema ana watoto zaidi ya 60 katika chumba kimoja, wanasoma kwa kupaza sauti, na juzuu moja inasomwa na vichwa vitatu vilivyogusana. "Nikifunga, nitakosa ada," alisema. "Nisipofunga, nikamzika mmoja, nitawatazamaje wazazi wake?" Tukafunga. Tukakubaliana kwamba kila mzazi atamsikiliza mtoto wake nyumbani, baada ya Magharibi, na mwalimu atapita nyumba kwa nyumba kila wiki akisimama uani kuuliza watoto wamefika wapi. Tukaandika tangazo zuri, tukalibandika ukutani, tukaenda kulala tukiamini tumefanya kazi.

Tangazo lile lilikuwa kosa letu, na tunalieleza kwa sababu huenda kamati nyingine zinalifanya hivi sasa. Tuliandika "kila mzazi amsikilize mtoto wake" bila kujiuliza ni wazazi wangapi wanaoweza. Tuanze na nyumbani kwetu, tusije tukawasema wengine. Sisi tumehitimu chuo cha dini. Tulipomwita binti yetu wa darasa la saba atusomee, tukidhani yuko katika Tabaraka, alitufungulia Amma, na ndani ya Amma alikuwa amekwama katika Surat Al-Mutaffifin tangu kabla ya mwaka mpya. Tulimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwa adabu kwamba hakuulizwa. Miezi mitano mtoto wa katibu amekwama mahali pamoja, na katibu anaandika mihutasari.

Usiku mmoja, mvua inanyesha, mtu alibisha hodi. Alikuwa mwenzetu wa safu ya kwanza, mwenye umri wa kututangulia, mfanyabiashara wa mazao, mtu asiyekosa Alfajiri. Ameturuhusu tusimulie habari yake bila jina. Alikuwa na juzuu iliyofungwa ndani ya kanga na kutiwa katika mfuko wa nailoni, nasi tulidhani ameleta jambo la msiba. Alikataa kiti, akakaa kizingitini. Kisha akaeleza.

Binti yake ana miaka 11. Tangu tangazo letu litoke, kila baada ya Magharibi huja na juzuu, hukaa mbele ya baba yake na kusema, "Baba, nisikilize." Naye humsikiliza, hutikisa kichwa, husema mashaallah. Sura fupi anazozijua kwa kusikia alizisikiliza bila shida. Zilipokwisha hizo akaendelea kutikisa kichwa. Jioni moja binti alisoma aya mbili tatu, akasimama, akamuuliza, "Baba, nimekosea wapi?" Yeye akasema, "Hujakosea, endelea." Mtoto hakuendelea. Alifunga juzuu taratibu, akaibusu, akaipandisha juu ya kabati, na tangu siku hiyo hakuja tena kumsomea.

"Katibu," alituambia, "alikosea kwa makusudi. Alikuwa ananipima."

Miaka 30 mtu huyu amesimama nyuma ya imamu. Ameilipia madrasa ada za watoto wanne. Mabati ya madrasa hiyo, nusu yake ametoa yeye. Herufi hazijui, kwa sababu utotoni mwake alitolewa chuoni akachunge mashamba na nyani, na ukubwani hakupata uso wa kwenda kukaa na watoto. Alituomba mambo mawili: tumfundishe kuanzia alif, na binti yake asijue.

La kwanza tulilikubali papo hapo. Duka halina wateja. Lina benchi na ubao mdogo wa kuandikia bei. Alikuja kesho yake saa mbili, akafunga nusu ya mlango. Baada ya siku nne alikuja na mwenziwe. Baada ya wiki wakawa watano, wamekaa mwanzo na mwisho wa benchi na wengine juu ya ndoo nje chini ya ukingo wa bati, wote na ndevu zao, wanasema ba, ta, tha. Mmoja wao ni yule mzee aliyepinga kufungwa kwa madrasa. Hatukumuuliza kitu.

Akina mama nao walifikisha ujumbe kupitia nyumbani kwetu kwamba wao hawakuona haya kusema hawajui, ila hakuna aliyewauliza. Mama wa nyumba hii anawasomesha wanne, Jumatatu na Alhamisi, chini ya mkorosho. Anayejificha nyuma ya jiko kwa sasa ni sisi.

La pili, la binti asijue, tulimwambia kwamba tutalificha lakini yeye mwenyewe halifichi. Vidole vya mtu mzima vinavyoanza kuandika vina chaki hadi kwenye kanzu. Jumamosi iliyopita alitueleza yaliyotokea. Alishusha juzuu kabatini baada ya Magharibi, akamwita binti yake akamwambia, "Leo nisikilize mimi." Akasoma kwa kidole, Surat Al-Fil, sura ambayo kwa kichwa anaijua tangu hajaota ndevu, lakini safari hii aliisoma kwa macho, herufi baada ya herufi, jasho linamtoka. Alipomaliza akamuuliza, "Nimekosea wapi?" Binti akamwonyesha mahali pawili. Kisha akaenda akaleta mswala wake, akaketi, wakaendelea kutokea pale yeye binti alipokuwa ameachia.

Mwalimu wa madrasa hatukumsahau, ingawa tulikawia. Ada zilikoma, naye ana watoto wadogo. Wiki mbili za mwanzo hakusema. Mkewe ndiye aliyemwambia mke wa jirani. Sasa kila Alhamisi kopo linapita: nyumba yenye unga inatia unga, yenye mihogo inatia mihogo, yenye shilingi inatia shilingi, na asiyekuwa na kitu anapita tu na salamu ili jirani asihesabu. Kopo la Alhamisi iliyopita lilikuwa zito kuliko ada.

Msikitini tumetoa mabusati. Mlangoni kuna ndoo yenye bomba na sabuni, na kijana wa zamu ambaye hamruhusu hata imamu kupita mikono mikavu. Tukishatoa salamu hatupeani mikono, kila mtu huweka mkono kifuani. Safu ya watoto haipo. Tuliwaomba wazazi wasiwalete kwa sasa, na mzee mmoja ambaye kwa miaka yote alikuwa akigeuka kila rakaa kuwakemea kwa macho, juzi alituuliza kwa sauti ndogo ni lini watarudi, kwa maana kimya hiki kinamsahaulisha idadi ya rakaa.

Ramadhani ndiyo hii inabisha hodi. Kesho tunautazama mwezi. Kamati imeamua kwamba futari ya pamoja ya msikitini mwaka huu haitakuwapo, na magimbi na tende zilizokuwa ziletwe hapo zipelekwe kwa majirani wasio na kitu kabla ya Magharibi. Tarawehe, mwenye kikohozi, mwenye homa, mzee, na anayeuguza, aiswali nyumbani, Mtume (s.a.w.) alitufunza tusizifanye nyumba zetu makaburi, bali tuzipe sehemu ya swala zetu. Nyumbani kwetu mabishano juu ya nani atakuwa imamu wa tarawehe siku ambazo sisi tutakuwa zamu ya ndoo yamekwisha: ni mvulana wa darasa la tatu, mwenye sura kumi na mbili. Bibi ataswali kwenye kiti, nyuma kabisa. Kamba imeshapimwa.

Wazazi wa madrasa yetu ambao wangependa kuanza alif, waje dukani saa mbili asubuhi, Ijumaa hatufungui. Tutaendelea mwezi mzima wa Ramadhani, inshaallah, na juzuu zipo. Kila mtu aje na ndoo yake ya kukalia.